MREJESHO: Kuoa mara tu baada ya chuo, wazazi wakiwa na uwezo

Wakuu, niliwauliza kama nikubali kuoa baada ya mahafali, baba akigharamia kila kitu na kutupa nyumba yake Mbezi Beach tuishi, wakati mimi na mchumba hatuna ajira. Tumeshafunga ndoa. Asanteni sana, kwa kweli mlinisaidia.

Ushauri uliotufaa zaidi ni wa mwanasheria aliyenielekeza kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 58: ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Nyumba ingebaki ya baba hata tungezeeka humo. Tulimshukuru mzee kwa heshima zote, tukapanga vyumba viwili Tabata kwa mshahara wa mke wangu, aliyetangulia kupata kazi. Mama alinuna kidogo, kisha akatuletea jiko na vyombo. Nyumba ndogo, lakini maamuzi ni yetu!

Kupunguza sherehe tulishindwa kabisa. Wajomba waliunda kamati, kadi za michango zikasambaa, ukumbi ukajaa wageni tusiowajua. Mnaofuata, zungumzeni na wazazi kabla kamati haijakaa kikao cha kwanza.

Mimi bado natafuta kazi.