Mkupuo wa milioni 52, shemeji anataka ninunue chombo cha dagaa. Naombeni ushauri

MstaafuGungu
Wakuu, salaam kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Nimefundisha sekondari miaka 35, nikatimiza 60 nikastaafu kwa lazima. Nimelipwa mkupuo wa milioni 52, na pensheni imeanza kuingia, laki tano na elfu ishirini kwa mwezi. Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa milioni moja na laki mbili, kwa hiyo pengo mnaliona wenyewe.

Nyumba ninayo hapa Gungu, deni sina. Ila kitinda mimba yuko chuo mwaka wa pili na mkopo wa Bodi haumtoshi. Milioni 4 zimeshaondoka, paa lilikuwa linavuja. Zimebaki 48.

Sasa kuna shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kila Jumapili yuko sebuleni na karatasi ya daftari: mitumbwi, wavu wa kipe, mashine, taa, jumla milioni 27. Anasema ndani ya miezi minane pesa yote imerudi. Mke wangu akileta chai anakaa kimya, na ukimya wake naujua, anasubiri nikubali. Mimi sijawahi kuvua hata kwa ndoana. Halafu kuna kijana ananipigia simu kuhusu "mfuko" unaolipa asilimia 20 kila mwezi. Namba yangu sijui kaitoa wapi.

Naombeni hekima zenu.

Nyuki wa Sikonge
Huyo wa asilimia 20 mpige bloku kabla hujamaliza kusoma uzi huu.

mtoto_wa_kibirizi
Shikamoo mwalimu. Mimi nimekulia mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, baba alikuwa na chombo. Muulize shemeji, hiyo karatasi imehesabu usiku ngapi kwa mwezi? Mbalamwezi ikishika hakuna kwenda, dagaa hawafuati taa wakati ziwa zima linang'aa. Toa usiku hizo. Toa na za upepo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu vyombo vimelala mchangani, na panya wakitafuna wavu hawaulizi kama ziwa limefungwa.

Kubwa kuliko yote ni hili: dagaa wanauzwa alfajiri, na mwenye chombo asiyekuwepo ndoo zinaposhuka atapokea hadithi. Simsemi shemeji kwa ubaya. Lakini kuna ndoo ya mboga ya wavuvi, kuna ya mafuta, kuna ya fundi mashine, na wewe umelala Gungu. Baba aliamka saa tisa usiku maisha yake yote. Wewe ndiyo kwanza umepumzika kengele ya shule.

mnada_kwa_mnada
Mzee wangu, tupige hesabu. Benki Kuu inauza hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa miaka 2 hadi 25, unaanza na milioni moja, riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Riba inategemea toleo. Ile ya miaka 25 ilikuwa asilimia 15.95, mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56, kwa hiyo usimsikilize anayekutajia ya zamani, angalia iliyoko mnadani siku hiyo.

Tuchukue hiyo ya chini kama mfano. Milioni 30 zinakupa 3,768,000 kwa mwaka, yaani 1,884,000 kila miezi sita. Ukiigawa ni kama 314,000 kwa mwezi juu ya pensheni. Ada ya mtoto inatoka humo na milioni 30 zako hazijaguswa.

Ubaya wake: ukibanwa ukataka kuuza kabla ya muda, unauza sokoni, na unaweza kupata pungufu ya uliyoweka. Ndiyo maana usizifunge zote. Milioni 10 weka mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, huo ukiugua leo hela unaitoa ndani ya siku chache. Nane zinazobaki amueni na mama.

Mama Mise
Hesabu nzuri, ila mmesahau sukari. Laki tatu na elfu kumi na nne ya leo mwaka wa 15 itakuwa ileile, sukari haitakuwa bei ileile. Mimi ni mstaafu wa afya, mwaka wa sita sasa. Sehemu ya kila kuponi, ile riba ya miezi sita, nairudisha kununua hatifungani nyingine, na nina ekari mbili za michikichi, mbegu ya Tenera. Usidanganyike, miaka mitatu ya kwanza ni kupalilia tu na kutoa hela mfukoni.

Na mwalimu, samahani, swali lako si la uwekezaji. Unashindwa kumkatalia shemeji. Kaa na mkeo kwanza, bila karatasi ya mtu. Muulize: nikitangulia mimi, ungependa hela ikukute benki au ukaifuate mwaloni alfajiri? Pesa ikishaingia hatifungani, ukisema "sina" hutakuwa umedanganya mtu.

MstaafuGungu
Mama Mise umenisoma hadi mifupa. Jana usiku nimemuuliza. Kacheka mpaka kashika mlango. Kumbe hakuwahi kukitaka hicho chombo, alikuwa anasubiri mimi ndiye nikatae, maana yeye kwa kaka yake mkubwa hana mdomo. Jumapili tisa tumekaa tunasubiriana!

Tumekubaliana 30 na 10 kama mlivyosema. Nane bado tunabishana, yeye anataka mabanda ya kuku. Swali: hiyo akaunti ya kununulia hatifungani naifungulia hapahapa Kigoma au mpaka Dar?

mnada_kwa_mnada
Hapohapo, mzee. Nenda tawi la benki yako, waambie unataka akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hatifungani za serikali kwa jina lako. Beba kitambulisho cha NIDA na picha. Ulizia pia ya majina mawili, wewe na mama.

mtoto_wa_kibirizi
Na shemeji?

MstaafuGungu
Anakuja Jumapili. Chai itakuwepo.