Hondohondo ameacha mayai kwenye mbuyu: ni joto au kuna kingine?

Mrina wa Chamwino

Mbukwenyi wana jukwaa. Mimi ni mfugaji wa nyuki huku Chamwino, umri umesogea, na kuna jambo linaninyima raha.

Nyuma ya banda langu kuna mbuyu wenye tundu. Kila kifuku hondohondo hutaga humo, wale ambao dume ana mdomo mwekundu na jike mweusi. Mvua za Desemba zilipoanza, jike aliingia akajiziba kwa tope na kinyesi, ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Mnaowajua mnaelewa: akishakuwa humo hunyonyoka manyoya ya mabawa na mkia, kuruka ni shida, chakula chote anategemea kuletewa.

Halafu mvua ikakata. Wiki tatu jua tupu, hata mtama ukajikunja. Asubuhi, kati ya saa 1 na saa 2, nilihesabu dume akija mara 11 na panzi au mjusi. Saa 8 mchana, saa nzima alikuja mara 1. Muda mwingine wote alikuwa kwenye mgunga, mdomo wazi, koo linatetemeka, mabawa ameyatenga na mwili.

Siku ya 19 nikakuta vipande vya tope chini ya mbuyu. Nikapanda ngazi. Mayai 3 yamo, mama hayupo. Moja nililipasua: kifaranga alishaanza umbo, jicho jeusi linaonekana, amekufa.

Je, ni joto? Na mtu anaweza kufanya nini?

Kwale wa Kongwa

Pole sana mzee wangu. Kabla hatujalaumu jua, tope lilivunjwa toka ndani au toka nje? Huku kwetu nyani wanachokonoa sana matundu. Na ukame wenyewe je? Panzi wakipungua, dume ataleta nini hata kukiwa na ubaridi?

Firigogo, Mpwapwa

Shikamoo mzee. Nilisoma mambo ya wanyamapori, niseme ninachokifahamu.

Nyani asingeacha mayai 3 mazima. Nadhani mama alitoka mwenyewe.

Ndege hana tezi za jasho. Mwili wake kwa kawaida una nyuzi joto kama 41, kwa hiyo hewa ikikaribia hapo hawezi tena kupoa bila kupoteza maji: anahema mdomo wazi na kutetemesha koo kama ulivyoona. Shida ni kwamba huwezi kuhema hivyo huku unawinda. Kila dakika ya kukaa kivulini ni dakika ambayo hakuna anayeletewa panzi. Mama naye yuko ndani ya shimo, anakonda. Ikifika mahali, anavunja tope na kuokoa uhai wake. Mimi simhesabii kosa.

Afrika Kusini, ukanda wa Kalahari, watafiti waliwafuatilia hondohondo wa mdomo wa njano kuanzia 2008 hadi 2019. Ni jamii nyingine, lakini wana desturi ileile ya kujiziba. Misimu mitatu ya mwanzo, majaribio 58 kati ya 100 yalifanikiwa kutoa walau kinda mmoja. Misimu mitatu ya mwisho yakabaki 17. Na pale wastani wa joto la juu la mchana ulipozidi nyuzi 35.7 katika kipindi cha kulea, hakuna jaribio hata moja lililofanikiwa. Kaka Kwale, hoja yako ya ukame waliipima pia: madhara ya joto yalionekana hata miaka isiyo na ukame.

Ila hiyo 35.7 tusiibebe kama ilivyo na kuipachika Dodoma. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100, na wastani wetu wa mchana hata Oktoba na Novemba ni chini ya hapo. Mzee, una kipimajoto?

Mrina wa Chamwino

Marahaba mwanangu. Tope lilivunjwa toka ndani, mabonge yote yameangukia nje, na kingo za ufa zina alama za mdomo.

Kipimajoto ninacho. Kivulini, saa 8 mchana, kilisoma 34, 35, siku moja 36. Lakini kuna jingine ambalo sikulisema mwanzo. Mwaka jana niligongomea sanduku kwa mabaki ya mbao za mizinga, paa la bati, nikalifunga kwenye nguzo ya uzio. Kwezi wakalipenda, wakatotoa. Nilipokuja kufungua, makinda 3 yamelala midomo wazi, ngozi imekauka kama karatasi. Nikaweka kipimajoto humo: 46. Mizinga yangu yote iko kivulini, na nyuki wana maji na wanapepea. Ndege nikamweka juani chini ya bati. Bado naumia.

Firigogo, Mpwapwa

Pole mzee. Yai lenyewe likizidi nyuzi 40 na nusu hivi, kiinitete kinaanza kuwa hatarini, sembuse 46. Mbao nyembamba hupata moto upesi. Mti mnene hauruhusu joto liingie haraka, ndiyo maana tundu la mbuyu ni bora kuliko sanduku. Kwa nini usitumie mzinga wa gogo wa zamani? Ukuta wake ni mnene. Utundike upande wa mashariki wa mti, jua la alasiri lisiufikie, bati lisikaribie.

Kwale wa Kongwa

Na migunga iachwe. Kwetu imeisha kwenye mkaa. Dume asipokuwa na kivuli karibu na tundu, huko kupumzika kwenyewe ataenda mbali, na jike atangoja zaidi. Hilo nimelielewa leo.

Mrina wa Chamwino

Magogo ninayo mawili, nyuki waliyahama siku nyingi. Mbuyuni sitatundika, tundu lao lipo. Nitayaweka kwenye mkwaju wa bondeni kabla ya kifuku kijacho. Na yule kijana anayeniomba migunga ya kuchoma mkaa nimemwambia hapana.

Jike nimemwona jana jioni. Yu hai. Mkia umeanza kuchomoza kama sindano, anarukaruka chini ya kichaka, na dume bado anamlisha.