Acheni kufundisha "ukipindua namba, geuza alama" bila masharti!

Wakuu, hili limezidi. Karibu kila "njia ya mkato" ya aljebra inayosambazwa ina kanuni hii: ukipindua namba pande zote mbili (yaani a inakuwa 1/a), alama ya < inageuka kuwa >. Wanaishia hapo. Masharti yako wapi?

Chukua −2 < 3. Pindua: unapata −1/2 na 1/3. Hasi bado ni ndogo kuliko chanya, alama haijageuka hata kidogo! Kanuni inashika pale tu namba zote mbili ni chanya, au zote mbili ni hasi. Sababu yake ni mstari mmoja, na kinachokera ni kwamba hawauandiki: 1/a − 1/b = (b − a)/ab. Kama a < b, juu ni chanya siku zote. Anayeamua ni ab aliye chini.

Matokeo yake, mwanafunzi anapewa 1/x < 2, anaandika x > 1/2, anafunga daftari. Katupa namba hasi zote. Weka x = −4: 1/x ni −0.25, ndogo kuliko 2 bila ubishi. Jawabu kamili ni x < 0 au x > 1/2. Wengine wanazidisha pande zote kwa x bila kujua kama x ni hasi au chanya. Kosa ni lilelile. Zidisha kwa x², ambayo ni chanya maadamu x si 0. Unapata x < 2x², hamisha, x(2x − 1) > 0, kisha pima vipande vitatu vya mstari wa namba: kabla ya 0, kati ya 0 na 1/2, na baada ya 1/2.

Vipeo navyo vimeharibiwa hivyohivyo. Eti kipeo cha pili hakigeuzi alama. −5 < 2, lakini 25 > 4! Tazama b² − a² = (b − a)(b + a): jumla ikiwa hasi, alama inageuka. Kipeo cha tatu ndicho salama kwa namba zote, kwa kuwa b³ − a³ = (b − a)(a² + ab + b²), na a² + ab + b² haiwi hasi kamwe. Na x² < 9 haitoi "x < ±3", maandishi yasiyo na maana yoyote. Inatoa −3 < x < 3.

Ile ya "kipeo kikubwa, namba kubwa" ifutwe kabisa. Kwa x = 1/2, x³ ni 1/8, x² ni 1/4, na 1/x ni 2. Kwa x = −1/2 mpangilio unavurugika upya: 1/x ni −2, inafuata x, kisha x³ ambayo ni −1/8, na x² inakuwa kubwa kuliko zote. Kwa hiyo kujaribu namba moja chanya hakutoshi. Jaribu −2, −1/2, 1/2 na 2, na usisahau −1, 0 na 1.

Nanyi mnaotunga maswali ya kuchagua, "ipi kubwa, x² au 1/x?", andikeni x iko wapi. Bila hilo swali halina jibu moja, na mnawanyima alama wanafunzi waliofikiri sawasawa.