Fundi amezifunga kuta za ndani kabla sijaziona, na daka la ukutani nililolilipia haliingii hata chetezo cha ubani

Ndugu zangu, assalamu alaykum. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo kama lilivyo.

Nyumba yangu ipo Chukwani, Unguja. Slabu ya juu haikusukwa nondo za kubeba kuta za matofali katikati ya vyumba, kwa hiyo mchoraji alinishauri kwamba kuta za ndani za ghorofani ziwe za fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jipsamu. Nikapatana na seremala, vifaa nikanunua mwenyewe, na tukaandikiana kwamba hakuna ukuta utakaofungwa mpaka nije niione fremu yake. Sharti hilo ndilo alilolivunja, tena wiki ile ile niliyokwenda Pemba kwenye msiba wa mjomba wangu. Niliporudi, vyumba vyote vilikuwa vimeshafungwa bodi na kupigwa skimu (ile lipu nyembamba ya kulainisha ukuta), na yeye amekaa anasubiri malipo ya mwisho.

Bodi ya jipsamu ina upana wa futi 4, yaani inchi 48. Ndiyo maana mbao za wima hupangwa kila baada ya inchi 16 au 24, zikipimwa kutoka katikati ya mbao moja hadi katikati ya nyingine, ili ukingo wa kila bodi uangukie juu ya mbao na bodi mbili zigawane mbao hiyo. Nilichukua sumaku, nikaipitisha ukutani kuzitafuta skrubu, nikawa natia alama kwa penseli: inchi 19, 27, 22, kisha 30. Mtu huyu alisimamisha mbao kwa kukisia, na bodi iliyokosa pa kushika akaiunganisha na mwenziwe kwa skimu tupu. Sasa ufa umeshuka wima kutoka juu hadi sakafuni, na masika bado hayajafika. Pale nilipomtaka aweke mbao za kulala za kubebea kabati la ukutani hapana kitu. Ukigonga, panalia kama ngoma.

Lililoniuma zaidi ni madaka, yale mashimo ya ukutani ya kuwekea vyombo. Waliokulia katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wanajua kwamba daka hupata kina kwa sababu ukuta wenyewe ni mnene. Ukuta wa mbao za 2 kwa 4 hauna unene huo, kwa hiyo tulikubaliana kwamba ukuta wa ukumbini uwe na safu mbili za fremu zilizoachana, ili madaka 5 yapate kina cha inchi 9. Mbao za safu mbili nilizinunua. Fremu iliyosimama ni moja (na hizo nyingine sijaambiwa ziliko). Daka halifiki inchi 4, na chetezo cha marehemu mama, ambacho ndicho kilichonifanya niyatake madaka hayo, kinabaki nusu nje. Nilipomuuliza, alinijibu, "Kwani hilo si daka, mzee wangu?"

Nimemtaka azifungue kuta zote kwa gharama zake. Amekataa, akidai kwamba skimu ikishapigwa kazi imepokelewa. Karatasi tuliyoandikiana ninayo, na Jumatatu naipeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Aliyewahi kufikishana huko na fundi anieleze: sheha ndiye aliyemwita fundi mwingine kuikagua kazi, au ilibidi umtafute mwenyewe? Alama za penseli bado zipo ukutani, sijazifuta.