Tupeane uzoefu: picha mbichi ulipoivusha programu moja kwenda nyingine, ilifika salama?

Kibatari_wa_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Naanza na aibu yangu mwenyewe ili wengine msione haya.

Mwezi uliopita nilipiga harusi hapa Ngamiani, nikaha asubuhi msikitini, usiku ukumbini. Faili mbichi, yaani data ya kamera kabla haijaiva kuwa picha, zile za NEF za Nikon, zaidi ya 900. Nimekaa nazo kwenye Lightroom, programu ya kurekebisha picha, siku nne: vivuli nimevinyanyua, ule unjano wa taa za ukumbi nimeupoza, shela ya bibi harusi ikawa nyeupe ya kweli. Mpangaji wangu wa albamu ni kijana wa Pangani, anatumia darktable, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, kwa kuwa ni ya bure. Nikanakili folda nzima kwenye diski ya nje, nikampa dereva wa basi. Usiku simu: "Kaka, mbona umeniletea picha hujazigusa?"

Nikadhani utani. Akanitumia picha ya skrini yake: shela ya njano kama wali wa binzari.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokitumia miaka bila kukielewa. Lightroom haiigusi faili mbichi hata chembe. Inaandika maagizo tu, ongeza mwanga hapa, punguza njano pale, na maagizo hayo yanakaa kwenye katalogi ndani ya kompyuta yangu. Nilichompa dereva ni negativu. Karatasi ya maagizo ilibaki mezani kwangu.

Leteni na zenu.

Binti_Raskazone

Pole kaka. Na hata karatasi ungeipeleka, isingesomeka yote. Ukibonyeza Ctrl na S, Lightroom inaandika kifaili cha maagizo, XMP, pembeni ya kila NEF. Darktable itachukua humo nyota ulizoweka, maelezo, namna ulivyoikata picha, na baadhi ya marekebisho itajaribu kuyakisia. Kukisia ndilo neno lenyewe. Kila programu ina hesabu zake za kuijenga rangi kutoka faili mbichi, kwa hiyo "mwanga +40" ya huku si ya kule. Kijiko cha chumvi cha mama na cha mama mkwe vyote vinaitwa kijiko.

Mimi picha ikishaiva naivusha ikiwa TIFF ya biti 16, faili ya picha iliyokamilika. Hiyo imebeba rangi zenyewe, programu yoyote ya maana itaiona ilivyo.

Mzee_wa_Tripodi

Hivyo vifaili vya XMP vimeniliza. Nilikwenda Tongoni kupiga magofu, ule msikiti na makaburi ya nguzo, siku mbili nasubiri mwanga wa ubavuni ili nakshi za mawe zionekane. Lightroom sina, nikazifanyia kazi kwenye Camera Raw, sehemu ya Photoshop ya kufungulia faili mbichi, ambayo kwangu maagizo yake yote yamo kwenye hivyo vya pembeni. Mjukuu akaja likizo, akajitolea kunisafishia laptopu. Akaona vidude vya kilobaiti kumi kumi visivyofunguka kuwa picha, akafuta vyote na pipa akamwaga. Akanijia anacheka kwamba ameniokolea nafasi! Nafasi yenyewe haikufika megabaiti 3.

Nimerudia nguzo moja moja. Sikumgombeza, maana hata siku moja sikumwambia ni vya nini.

Kibatari_wa_Ngamiani

Shikamoo mzee, pole sana. Siku hizi unajilindaje?

Mzee_wa_Tripodi

Marahaba mwanangu. Nageuza kuwa DNG, aina ya faili mbichi ya Adobe, maagizo yanaandikwa ndani ya faili yenyewe, hakuna cha pembeni cha kufutwa. Tena Photoshop yangu ni ya zamani. Nilipoazima Canon mpya inayotoa faili mbichi za CR3, ilikataa kufungua kabisa, nikadhani kadi imekufa. Nikazipitisha kwenye DNG Converter ya Adobe, ni ya bure, zikafunguka zote. CR3 za asili sizitupi, nimeziweka diski nyingine ambayo mjukuu haijui.

Mchana_Kutwa

Mimi niliumbuliwa na rangi. Wapambe walivaa damu ya mzee, gauni kumi, zinapendeza mno kwenye skrini yangu. Lightroom ikiivusha picha kwenda Photoshop kwa mpangilio wa kawaida huipa ProPhoto RGB, uwanja mpana wa rangi kuliko sRGB, ule wa kawaida wa skrini na mashine nyingi. Ndani ya Photoshop hakuna tabu. Kosa langu ni kuhifadhi JPEG papo hapo bila kuigeuza, nikapeleka kuchapa. Mashine haikujali lebo ya faili inayotaja uwanja wa rangi, ikazisoma namba zile kama sRGB. Wapambe wakatoka rangi ya tofali lililopigwa jua. Nakala 60, nimerudia kwa hela yangu.

Na msichanganye: kuna kugeuza namba zenyewe kwenda sRGB na kuna kubandika lebo ya sRGB tu juu ya namba zilezile. Nilianza kwa kubandika, rangi zikapauka mbele ya macho yangu.

JPEG_Inatosha

Mnajitesa bure nyie. Kamera inatoa JPEG safi, mteja anazipata usiku uleule, nalala.

Binti_Raskazone

Kwa keki ya mtoto hata mimi nafanya hivyo. Lakini nilipiga alfajiri hapa ufukweni, ngalawa zinatoka, anga ya zambarau inayofifia polepole. Nikaivusha ikiwa JPEG ili nikaongeze zambarau kwenye programu nyingine. Anga ikakatika mistari kama ngazi. JPEG ina biti 8, maana yake viwango 256 kwa kila rangi. Faili mbichi ya biti 14 ina 16,384. Ukivuta rangi kwenye viwango 256, nafasi katikati zinaonekana. Nikarudi kwenye NEF, nikatoa TIFF ya biti 16, mvuto uleule, anga laini.

JPEG_Inatosha

Hapo kwenye anga umenishika dada. Ila TIFF zote hizo mnaziweka wapi, ghalani?

Kibatari_wa_Ngamiani

Swali zuri, nilipiga hesabu. Megapikseli 24, kila pikseli rangi tatu, kila rangi baiti mbili: megabaiti 144 kwa picha moja isiyobanwa. Harusi nzima ingekaribia gigabaiti 130. Nimetoa TIFF zile 40 za albamu tu, hazikufika gigabaiti 6. Zilizobaki JPEG za sRGB.

Flashi diski yenye TIFF hizo imeondoka na dereva yuleyule asubuhi. Kijana amepiga simu sasa hivi: shela imefika nyeupe, alhamdulillahi. Ila analalamika nyuso zimekuwa kali mno, kila kinyweleo cha bwana harusi kinahesabika. Niliongeza ukali wakati wa kuzitoa, na yeye akaongeza tena kwenye darktable yake. Sasa ukali aweke nani, mimi au yeye?

Binti_Raskazone

Yeye. Ndiye anayejua ukubwa wa karatasi ya albamu. Zima kwako, mtolee upya zile 40.

Kibatari_wa_Ngamiani

Basi la saa nane nitaliwahi.