Wananiambia niandike barua ya kuacha kazi "ili yaishe". Yanamwishia nani?

Wakuu, nimevumilia miezi miwili, leo sinyamazi.

Nafanya kazi ya CNA, msaidizi wa wauguzi, kwenye kituo cha wazee hapa Texas, zamu ya usiku, mwaka wa sita huu. Nilipigiwa simu nikiwa nimelala: usije kazini, umesimamishwa, unatuhumiwa kumtesa mzee. Mzee yupi? "Hatuwezi kusema." Nimemfanya nini? "Utaambiwa."

Siku ya nne ndipo nikaitwa. Kumbe ni yule bibi wa chumba cha mwisho, mkono wake umevilia damu. Bibi anatumia dawa za kuzuia damu isigande, ngozi imekuwa kama utando wa kitunguu, ukimgeuza tu panakuwa peusi. Alama ile niliiona mimi mwenyewe saa 9 usiku nikimbadilisha nepi. Nikamwita nesi wa zamu, akaja na tochi, akaimulika, akasema ataiandika. Hakuandika! Mimi niliandika kwenye kompyuta, na saa imo. Usiku huo tulikuwa wasaidizi 2 kwa wazee 38.

Mkuu wa wauguzi hakuuliza hata moja ya hayo. Alinisogezea karatasi na kalamu, kwa sauti ya upole kabisa: andika unaacha kazi, mambo yaishe kimya kimya. Na dada mmoja wa kwetu, mkongwe pale, akanivuta pembeni: "Andika tu mdogo wangu, kazi ziko nyingi."

Hapo ndipo damu inaponichemka. Hayaishi! Sheria ya shirikisho inakilazimisha kituo kupeleka taarifa ya tuhuma ya kutesa jimboni ndani ya saa 2, na matokeo ya uchunguzi wao ndani ya siku 5 za kazi. Uache kazi usiache, faili linatembea. Jimbo likikuona una kosa linakuandikia, una siku 30 za kuomba usikilizwe. Ukikaa kimya, jina lako linawekwa alama kwenye rejista ya wasaidizi wa wauguzi. Uzembe wa mara moja unaweza kuomba ufutwe baada ya mwaka 1. Kutesa hakufutwi. Kituo chochote cha wazee kinachopokea malipo ya Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, hakiruhusiwi kukuajiri tena. Kazi nyingi zipi hizo, dada?

Wapo wanaowatesa wazee kweli, nimewaona, na waondolewe. Sheria hiyo siipingi. Ninachopinga ni kituo kuficha upungufu wa watu wake nyuma ya jina langu.

Barua sikuandika. Niliandika maelezo yangu: saa, chumba, nani niliyemwita, tochi. Nakala nikabaki nayo. Na ninyi mnaohama nyumba kila mara, hakikisheni anwani yenu kwenye rejista ni ya sasa.

Barua ya jimbo imefika jana. Aliyewahi kusikilizwa huko aniambie: ulikwenda na wakili au peke yako? Na huyo nesi anaweza kuitwa aje ajibu mbele yangu?