Mjadala: Kipindupindu kikiingia, kwa nini wa kwanza kufungiwa awe mama lishe?

Mjumbe wa Kamati
Wakuu, habari za jioni. Mvua zinakaribia na hili jambo linanisumbua, nalileta tulijadili bila matusi.

Nimekuwa mwakilishi wa wananchi kwenye kamati ya afya ya kata yetu hapa Dar tangu kabla ya mlipuko wa 2015, ule ulioanzia Kinondoni mwezi wa Agosti. Mnaukumbuka. Hadi Aprili 2016 nchi nzima ilishapata wagonjwa zaidi ya 20,000. Hata sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 zilifutwa, Rais Magufuli akatutaka tushike mafagio. Tukafagia barabara. Vyoo havifagiliki.

Sasa kikao chetu. Ajenda ya vibanda vya chakula ilikula dakika kumi: vifungwe vyote, matunda ya kukata marufuku, juisi ya miwa marufuku, mgambo wapite kesho asubuhi. Na mimi nilinyoosha mkono. Ajenda iliyofuata ilikuwa nyumba moja ya wapangaji ambayo mvua kubwa ikinyesha tu, wanatapisha choo, na uchafu unashukia kwenye kisima wanachochota watu wa bondeni. Hiyo tuliizungumza saa nzima, ikaishia "mwenye nyumba aandikiwe barua." Kesho yake mama anayeniuzia chapati alimwagiwa maharage yake mtaroni, sufuria ikabebwa. Mwenye nyumba naye alikuja ofisini kulalamika kwamba barua imekosea herufi za jina lake.

Swali langu: mamlaka ya kufunga vibanda vyote kwa mkupuo yabaki kama yalivyo? Mimi nasema hapana. Nipingeni.

Bwana Afya Mstaafu
Nakupinga. Unaongea kama mtu ambaye hajalala kambi ya kipindupindu hata usiku mmoja. Mgonjwa anaingia saa kumi alfajiri akiwa anaongea, asipowahiwa dripu, jua likitoka unamfunika shuka. Dalili zinaweza kuanza saa chache baada ya kumeza vimelea, au siku tano baadaye. Katika siku hizo tano kibanda kimoja kimeshalisha watu wangapi?

Mnasema "chakula cha moto hakina shida." Kweli, wali unaofuka moshi hauna shida. Shida ni beseni. Sahani sitini zinasuuzwa kwenye beseni moja ambalo saa sita mchana lilishageuka mchuzi. Shida ni kachumbari iliyooshwa kwa maji ya dumu lisilojulikana limetoka wapi. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 haikuandikwa kumwonea mtu.

Na choo chako hicho, Mjumbe, kinataka gari la kunyonya, gari linataka njia, na njia mmeiziba kwa nyumba. Kibanda nakifunga saa mbili asubuhi. Wakati wa mlipuko unafunga kinachofungika.

Binti wa Mama Lishe
Shikamoo mzee. Hapo mwisho umesema mwenyewe: "kinachofungika." Mama yangu anafungika kwa sababu jiko lake ni matofali matatu na bati moja. Hana mlango wa kufungia afisa nje.

Nikueleze kilichotokea nyumbani, maana nilikuwa kidato cha pili na mimi ndiye niliyekuwa namenya vitunguu. Alifungiwa Jumatatu. Marejesho ya vikoba ni Ijumaa. Jumatano alikuwa anapikia uani, mimi napeleka hotpoti kwa mafundi gereji kupitia mlango wa nyuma. Hakuna afisa aliyekuja kuangalia beseni tena, kwa sababu kwenye daftari lao pale hapauzwi chakula. Maji yalikuwa yaleyale ya mkokoteni. Wateja walewale. Mlichofunga ni macho yenu.

Mpenda Historia
London, 1854. Daktari John Snow aligundua kwamba wagonjwa wa mtaa wa Broad Street wengi wanakunywa maji ya pampu moja. Akaenda kwenye bodi ya parokia ya St James, yaani kamati ya kata tu kama yenu. Wale wajumbe wala hawakuwa wameamini sana maelezo yake, ila kesho yake, 8 Septemba, waling'oa mpini wa pampu. Hawakumwaga maharage ya mtu. Fungeni kisima.

Dereva wa Bodaboda
Mkuu, pampu ya Snow ilikuwa moja na alijua ilipo. Huku kwetu ukifunga kisima cha bondeni, muuza maji anazunguka na mkokoteni wake hadi kisima kingine, na dumu la buku linakuwa buku jero. Halafu watu wananawa kidogo zaidi. Kabla ya kung'oa mpini leta boza.

Mkenya Mpitaji
Jirani zangu, msidhani hili ni la vibanda pekee. Nairobi 2017 wajumbe waliokuja kwenye mkutano wa mambo ya afya, hotelini, walipata kipindupindu. Mkutano wa afya! Vimelea havisomi bei ya sahani.

Bwana Afya Mstaafu
Marahaba binti. La mlango wa nyuma umenishika, siwezi kubisha, tulikuwa tunalijua.

Niseme na lingine ambalo sikulisema nikiwa kazini. Kuna kata tuliwahi kujaribu tofauti: kila anayepika awe na ndoo yenye koki, sabuni, maji ya kusuuzia yatiwe klorini na yabadilishwe, kachumbari isimame mpaka mlipuko uishe. Anayekaidi ndiye anafungiwa, peke yake. Ilikwenda vizuri kama wiki mbili. Ila utaratibu huo unataka mtu wa kurudi kila siku kuinusa ile ndoo kama kweli ina klorini. Tulikuwa maafisa wawili kwa kata tatu, pikipiki moja, mafuta tunajichangia. Amri ya kufunga wote haihitaji mafuta. Ndiyo maana inapendwa.

Mjumbe wa Kamati
Asante mzee, hapo umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Basi nabadilisha hoja yangu kidogo. Mtu mmoja mmoja afungiwe, sawa. Lakini kikao kisipitishe amri ya vibanda kabla hakijapitisha ya choo na kisima, na lita ngapi za maji salama zinakuja na nani analeta. Na muhtasari usomwe kwenye mkutano wa mtaa, na majina ya waliosema "aandikiwe barua" yasomwe. Langu la kunyoosha mkono pia lisomwe.

Dereva, la boza nimelipokea. Sina jibu la nani atalilipia.

Binti wa Mama Lishe
Mjumbe, na kile choo cha yule mwenye nyumba?

Mjumbe wa Kamati
Kipo. Ameongeza vyumba vinne. Choo ni kilekile.